Droo Isiyolishwa

Kifurushi hakikuwepo.

Msasa aliivuta droo ya chini mpaka ikakaribia kuchomoka, akapapasa pembe zote nne, akainama na kuchungulia nyuma. Palikuwa pakavu, pasafi, kama ubao uliotoka kusuguliwa sasa hivi. Jana mchana alikuwa ameweka humo kifurushi kidogo cha kitambaa, akakisukuma mpaka mwisho, akajiahidi kukichukua jioni wakati wa kuondoka. Jioni Fundi Mkuu akamtuma kupeleka viti kwa mteja, na huko akachelewa, akapitiliza nyumbani. Asubuhi hii amefika wa kwanza, hata vumbi la jana halijatulia vizuri sakafuni, na kifurushi hakipo.

Ingekuwa ni nyundo, angeuliza. Ingekuwa ni kikombe chake cha chai, angegomba. Lakini ndani ya kifurushi kile mlikuwa na pedi aliyoitumia, na kwa kitu kama hicho hakukuwa na mtu wa kumwuliza katika karakana nzima.

Karakana ile ya samani ilikuwa ya wanaume. Fundi Mkuu ndiye mwenye mali, mzee mwenye vidole vifupi na subira ndefu. Misumari aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi akiwa amebana misumari kati ya midomo, na bado akaweza kumtania kila aliyepita. Kimya alikuwa mchonga nakshi, na jina lake linatosha kumweleza. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kulainisha mbao na kupaka vanishi, basi wakamwita Msasa. Jina alilopewa na wazazi aliulizwa siku ya kwanza tu, na tangu siku hiyo hakuna aliyelihitaji.

Choo kilikuwa nyuma, kimoja, wakishirikiana na wachomelea vyuma wa jirani. Mlango wake wa bati uliishia juu ya vifundo vya miguu. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kutupa chochote shimoni, na hakuna aliyejisumbua kuweka ndoo wala mkebe. Nje kulikuwa na jalala, na jalalani kulikuwa na mbwa. Kulikuwa pia na pipa la chuma ambamo kila alasiri maranda ya siku nzima yalichomwa, lakini wanaume walikaa kulizunguka wakinywa chai na kuchokoachokoa moto kwa vijiti, na hakukuwa na namna ya mtu kutupia kitu humo bila kuulizwa ni nini.

Siku moja mbwa aliburura kitu kutoka jalalani mpaka mlangoni. Misumari alikitazama, akatoa misumari mdomoni.

"Jamani, nani kachinjwa huko nyuma na hatukualikwa?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Msasa naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Hakikuwa chake kile. Lakini tangu siku hiyo, kila alipoingia mwezini, tumbo lilimwuma mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya siku zenyewe, mara ya pili kwa kuwaza atatupa wapi.

Shangazi aliyemlea alimwachia maneno machache tu juu ya jambo hilo, siku ile ya kwanza kabisa, wakiwa wameufunga mlango. "Jua lisikione, mbwa asikione, mwanaume asikione." Pa kukiweka hakumwambia, na sasa shangazi yuko kaburini, hawezi kuulizwa.

Ndipo akaliona kabati.

Lilisimama kwenye pembe ya nyuma, refu, la mbao nyekundu nzito, lenye droo tatu chini na milango miwili juu. Lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya harusi ambayo haikufanyika, na mwenyewe hakurudi tena kulichukua. Hakuna aliyelifungua. Pembeni mwake, kwenye msumari, kilining'inia kitambaa kilichofungwa fundo, kimejaa maranda. Jana hiyo Msasa alikuwa na haraka, hana karatasi, hana mfuko, na hatua za mtu zinakuja. Alikifungua kitambaa, akamwaga maranda sakafuni kati ya mengine, akafungia kitu chake, akakitumbukiza kwenye droo ya chini. Alifanya hivyo kwa pumzi moja.

Alichokisahau ni hiki. Katika karakana ile kulikuwa na desturi ya Fundi Mkuu, aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha. Kila samani yenye droo, kabla haijapelekwa kwa mteja, ililishwa. Mzee alihifadhi maranda ya mbao zile zile zilizotumika, akatia konzi moja katika kila droo, akaifunga, akaifungua, akayatoa na kuyachoma. Misumari alikuwa akitania kwamba hilo kabati la wiki hii litavimbiwa. Lakini hata Misumari hakuwahi kuondoa samani ambayo haijalishwa. Msasa alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi na kulichukulia kuwa ni mazoea ya kizee, kama vile Mzee anavyopuliza kikombe kitupu kabla ya kumimina chai.

Kitambaa kile chenye fundo ndicho kilichokuwa chakula cha kabati, kikisubiri siku yake.

*

Basi kifurushi kilitoweka, na Msasa akangoja aibu imfikie. Alingoja utani wa Misumari. Alingoja Fundi Mkuu amwite pembeni, akohoe kwanza, ndipo aseme. Hakuna aliyesema kitu. Siku ikapita na nyingine ikapita, na polepole hofu yake ikageuka ikawa nafuu. Panya, alijiambia. Panya wakubwa wako kila mahali.

Mwezi uliofuata akaweka tena, safari hii kwenye karatasi. Kabla ya jioni droo ilikuwa tupu. Akaweka kesho yake. Ikawa tupu. Naam, mtu aliyebeba mzigo mchana kutwa bila kuwa na pa kuutua, siku akiondolewa hamwulizi anayemwondolea ni nani. Msasa hakuuliza. Alianza hata kutembea wima zaidi. Alipokwenda zake chooni hakuwa tena na ule mwendo wa mtu aliyeficha kitu.

Kisha ikaja asubuhi moja akakuta droo ya chini imefunguka yenyewe, upana wa kidole. Alidhani mbao zimevimba kwa unyevu, akaisukuma kwa goti. Haikukubali. Akaiacha, akaenda kulainisha miguu ya meza. Mchana akahisi kiuno kikimkata, na hapo akajua kwamba siku zake zimeanza. Alisimama na msasa mkononi, akageuka kulitazama kabati, na kabati, mtu angesema, likamtazama.

Droo ilikuwa imejua kabla yake.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa nguvu, umeme ukakatika. Wanaume wote walikimbilia mbele kuokoa mbao zilizokuwa zikilowa barazani, na Msasa akabaki peke yake nyuma, katika mwanga wa kijivu unaoingia kupitia tundu za bati. Hapo ndipo alipoisikia.

Shaa. Shaa. Shaa.

Ni sauti aliyoijua kuliko sauti ya mtu yeyote, kwa maana ndiyo aliyoishi nayo mchana kutwa: msasa laini ukipita juu ya mbao, ukifuata mkondo wa nyuzi, bila pupa, ukinyanyuka mwisho na kurudi mwanzo. Alidhani ni Kimya. Kisha akamsikia Kimya akikohoa huko mbele kwenye mvua. Akasogea, mguu mmoja na kisha mwingine, huku harufu ikimjia, harufu ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi na ya shaba iliyolowa, na kadiri alivyosogea ndivyo ile sauti ilivyopungua kasi, kama mtu anayekula na kusikia hatua mlangoni, na alipoinama mbele ya droo ya chini na kuweka sikio juu ya ubao wake, ubao ambao katika baridi ile yote ya mvua ulikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa, akatambua kwamba kilichokuwa kikisugua huko ndani hakikuwa msasa hata kidogo, kilikuwa ulimi.

Sauti ikakoma.

"Umechelewa leo," kitu kikasema kutoka ndani, polepole, kwa upole. "Tumbo linakuuma?"

Msasa hakuweza kukimbia.

"Nani wewe?" alinong'ona.

"Mimi ninayejua siku zako."

Mbele, wanaume walikuwa wakicheka mvuani. Msasa alijiinua kwa mikono, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga meza yake, akabaki hapo mpaka umeme uliporudi na Misumari akaingia, anachuruzika maji.

"Vipi, Msasa, umeona mzuka?"

"Nimekuona wewe," akajibu.

Jioni ile, chumbani kwake, alikaa kitandani bila kuwasha taa. Chumba cha kupanga, kitanda kimoja, jiko moja, sahani moja. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akimwita mtu mwingine aje kula. Msasa alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwuliza kama tumbo linamwuma. Alikumbuka nyuma, nyuma zaidi, mpaka akafika kwa shangazi, na hata shangazi hakuuliza, alifunga tu mlango. Hapo Msasa akagundua jambo lililomtisha kuliko ulimi na kuliko sauti: kwamba katikati ya hofu yake kulikuwa na kitu kidogo, chenye joto, kinachofanana na furaha.

*

Angeliacha hapo, labda kabati lingemwacha. Hakuacha. Alikuwa na kifurushi, na hakuwa na pa kukipeleka. Alikiweka huku amegeuza uso, akaondoka mbio, na nyuma yake akasikia: "Ahsante, mwenzangu."

Mwezi uliofuata siku zake hazikuja.

Alingoja. Hakukuwa na mwanaume maishani mwake, hivyo hapakuwa na la kuhesabu wala la kuogopa upande huo. Lakini damu haikuja, na mwezi wa pili haikuja, na mwili ukaanza kumwishia taratibu. Asubuhi alishikwa na kizunguzungu akiinuka. Kucha zilikuwa nyeupe. Kopo la vanishi ambalo zamani alilibeba kwa mkono mmoja sasa alilikumbatia.

"Mwenzetu anapungua," Misumari alisema kwenye chai. "Msasa umeisha, imebaki karatasi."

"Karatasi yenyewe itakukwangua ulimi," alimjibu, na wote wakacheka, akarudi kwenye benchi lake la pembeni kunywa chai peke yake, kama alivyozoea.

Na kadiri yeye alivyofifia ndivyo kabati lilivyonawiri. Hakuwa amelipaka hata tone la vanishi, na lilikuwa linang'aa. Wekundu wake ulikuwa umeiva, wa ndani, kama wa nyama. Siku moja alipita karibu, akaona kwenye ukingo wa droo ya chini unyevu, akaugusa, akaangalia kidole chake. Kilikuwa chekundu.

"Sasa huhitaji tena kuficha kitu," ile sauti ikamwambia, chini kwa chini, kama mtu anayezungumza na mwenzake kitandani. "Hutachafuka tena, hutatafuta pa kutupa. Nachukua mwenyewe, kabla haijatoka."

"Utanimaliza."

"Polepole," sauti ikasema. "Nani mwingine anakujia polepole?"

Msasa aliegemea ukuta. Alijua angeweza kusema. Karakana ilikuwa na watu watatu wenye masikio. Lakini kila alipofungua mdomo aliona namna neno la kwanza litakavyokuwa, na la pili, na akamwona yule mbwa, na akasikia kile kicheko. Aliufunga mdomo. Alianza kukubali, kidogo kidogo, kwamba mtu anaweza kufa kwa jambo asiloweza kulitamka.

*

Kisha mwenye kabati akatuma habari kwamba halitaki tena, liuzwe. Haikupita muda akaja mama mmoja na binti yake, msichana anayekwenda kusoma mbali, anatafutiwa kabati la chumba cha bweni. Binti alilizunguka, akalipapasa, macho yakamng'aa.

"Hili, mama. Hili hili."

"Zito hilo, mwanangu."

"Lakini lina joto. Shika hapa, droo hii, ina joto kama mtu."

Msasa, akiwa mezani kwake na brashi mkononi, alimwona binti amepiga magoti pale pale alipopiga yeye, mkono juu ya ubao ule ule. Na akaiona droo, bila kuguswa, ikisogea mbele upana wa kidole.

Fundi Mkuu alikuwa ameridhika. "Nipeni nafasi kidogo nililishe, kisha litapakiwa." Akanyoosha mkono pembeni mwa kabati, kwenye msumari. Mkono ukashika hewa. "Kitambaa cha maranda kiko wapi? Nani kagusa kitambaa changu?"

Misumari aliinua mabega. Kimya akatikisa kichwa.

"Mzee," Msasa alisema. "Lisiuzwe."

Wote wakageuka. Brashi ilikuwa ikidondosha vanishi juu ya kiatu chake na hakuiona.

"Kwa nini lisiuzwe, binti yangu?"

"Limeshalishwa. Nilililisha mimi, bila kujua."

"Ulililisha nini?"

Randa ya Misumari ilinyamaza. Alitazama sakafu. Kisha akamtazama yule binti aliyekuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya ubao.

"Pedi," alisema. "Nikiwa mwezini sina pa kutupa. Nilimwaga maranda ya kitambaa chako, nikawa naziweka humo. Na humo kuna kitu kinazila, na sasa kinanila mimi."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko kwa muda mrefu kiasi kwamba ukimya ulimwuma zaidi. Mama alimvuta binti yake kwa mkono, wakatoka bila kuaga. Misumari aliitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mezani, akatoka nje. Na ndani ya kabati kitu kikagonga mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

*

Mganga aliyeitwa na Fundi Mkuu hakuwa na hirizi wala mkia wa mnyama. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mkoba, ananukia sabuni, ungemdhani mwalimu. Hakuomba kuonyeshwa kabati. Aliomba aonyeshwe choo.

Aliingia, akakaa kidogo, akatoka. Alilitazama jalala. Alilitazama pipa la moto na mabenchi yanayolizunguka. Kisha akasimama mbele ya wanaume watatu.

"Maranda mnatupa wapi?"

"Kwenye pipa hili, mama," akasema Fundi Mkuu.

"Mikebe ya gundi?"

"Ule mfuko pale."

"Na vyake huyu?"

Misumari aliangalia paa. Kimya aliangalia mikono yake.

"Hakusema, mama," Fundi Mkuu akajibu hatimaye.

"Ulimwuliza?"

"Mambo ya kike hayo. Ningeanzia wapi?"

"Aliyemo humo ndani alijua pa kuanzia," mganga alisema, akavua miwani, akaifuta.

Akawaeleza, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia. Katika mti kuna anayekaa. Mti ukikatwa, yeye habanduki, anabaki ndani ya mbao akiamini mti ungali hai. Maranda ya mti wake mwenyewe ndiyo yanayomjulisha kwamba mti umekwisha. Akionjeshwa hayo, anaelewa, anaondoka. Huyu hakuonjeshwa. Alipewa damu, na damu ikamwambia kinyume: kwamba yu hai, na kwamba amepata mwenza.

"Basi na alishwe sasa," Fundi Mkuu alisema. "Lakini maranda yake yalimwagwa."

"Yatatoka mengine. Arande yeye aliyeyamwaga."

Msasa hakuwahi kukabidhiwa randa katika karakana ile. Fundi Mkuu alimpa yake mwenyewe, ya mpini uliolainika kwa jasho la miaka. Msasa alipiga magoti mbele ya kabati, akaiweka randa juu ya uso wa droo ya chini, akasukuma, na ubao ukalia, na kila alivyosukuma harufu ya mti mbichi ilizidi kumjaa puani na kooni mpaka akadhani atazama, na maranda yakajikunja na kuanguka mapajani mwake yakiwa mekundu na yenye unyevu, na katikati ya mlio wa chuma juu ya mbao ile sauti ilimjia, haikuwa na hasira, ingekuwa nafuu kama ingekuwa na hasira, ilikuwa inalia, inamwuliza, kwa upole ule ule, nani atajua siku zako, nani atakuuliza, utakula na nani, utazungumza na nani, watu hawa hata jina lako hawalijui, mimi nalijua, na ikalitaja jina lake, lile la wazazi, taratibu, herufi kwa herufi, na mikono yake ikasimama.

"Randa," mganga akasema.

Aliranda. Machozi yalidondoka juu ya maranda. Alijaza konzi, akaifungua droo.

"Hiki ndicho chako," alisema alichoambiwa aseme. "Changu nirudishie."

Akaifunga. Kabati lilitetemeka mara moja, kisha likawa mbao tu. Wekundu uliondoka kama uso wa mtu anayezimia, ukabaki ukahawia wa kawaida, wenye vumbi. Wanaume walilivunja kwa mashoka na kulichoma uani mpaka jivu. Kabla moto haujazimika, Msasa alihisi kiuno kikimkata. Aliinama, akashika tumbo kwa mikono miwili, akacheka kidogo. Ilikuwa imerudi.

*

Baada ya hapo nguvu zilimrudia. Kucha zikapata rangi. Mlango wa choo uliongezwa bati mpaka chini na ukatiwa komeo. Fundi Mkuu alileta pipa dogo la pili, akaliweka nyuma kabisa mbali na mabenchi, akasema huku akiangalia pengine, "Hili hakuna mtu atakayelisogelea." Yote waliyopaswa kufanya waliyafanya.

Ila hawakuzungumza naye tena. Si kwa ubaya. Misumari hakumtania hata mara moja. Alipopita, Misumari alijidai anatafuta kitu chini ya meza. Fundi Mkuu alimwagiza kazi kupitia kwa Kimya, na Kimya aliiweka kazi mezani kwake, akainamisha kichwa, akaenda. Walikuwa wamelisikia lile neno kutoka kinywani mwake, na sasa kila walipomwona yeye waliliona neno. Benchi lake la chai lilikuwa mbali tangu zamani. Sasa hata vicheko vilishuka sauti akikaribia.

Mwisho wa mwezi, alipoingia chooni, alikuta kitu kipya. Kisanduku kidogo kimewekwa sakafuni, chenye mfuniko na bawaba, kimechongwa majani mazuri pembeni, saizi ya kutosha kwa jambo lenyewe, ili vitu vikae humo kwa faragha mpaka vipelekwe kwenye pipa. Hakuna aliyemwambia. Alijua kazi ya mkono ule.

Alimkuta Kimya kwenye patasi zake.

"Kaka. Ahsante kwa kisanduku."

Kimya aliitikia kwa kichwa, masikio yakimwiva kwa haya.

"Kizuri sana. Mbao ulipata wapi?"

"Kipande tu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mtu kumjibu kwa sauti. "Kilikuwa kimebaki nyuma ya ukuta tangu lile kabati lilipotengenezwa. Chekundu. Niliona kisipotee bure."

Msasa akasogea karibu.

"Ulikilisha?"

Kimya aliinamia nakshi yake, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Kile? Mbele ya watu?" akanong'ona. "Niliona aibu, dada."

Patasi ilikuwa imeanza tena.

Msasa alisimama katikati ya karakana. Fundi Mkuu alikuwa pale, mgongo umegeuzwa, na ilihitaji hatua chache tu kumfikia na sentensi moja kumwambia. Sentensi yenyewe aliijua. Ilianza na neno lile lile. Aliwatazama wote watatu, migongo mitatu, kisha akarudi chooni na kufunga komeo jipya.

Kisanduku kilikuwa pale miguuni. Mfuniko ulikuwa umeinuka upana wa kidole.

Alichuchumaa. Upande wa pili wa bati mtu alicheka, na si kwa ajili yake. Alikaa hivyo kwa muda, mikono juu ya magoti, akisikiliza, mpaka alipohisi joto hafifu likimgusa vidole.

"Nimeanza leo," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Najua," kikajibu, na kikamwita kwa jina lake.